Sakafu na vizingiti vya Morris Minor: kujifunza kuchomelea bila kuiharibu gari

"Assalaam alaykum. Nipo Wete. Nina Morris Minor ya milango miwili ya mwaka 1962, aliyoiacha marehemu baba. Injini inawaka, lakini sakafu ya mbele imetoboka pande zote mbili, na vizingiti vya milango ukivichoma kwa bisibisi inazama mpaka mpinini. Nataka niitengeneze mwenyewe nyumbani, nijifunze kuchomelea hapo hapo kwenye gari. Nimenunua mashine ya fito ya ampea 200 na fito za milimita 2.5. Nilijaribu chini ya mlango, kila nikigusa bati linatoboka, na tundu la ukubwa wa sarafu likawa la ukubwa wa kikombe. Usiku ule macho yaliniuma kama yametiwa mchanga. Fundi mmoja kaniambia nisijisumbue, nipige bati la juu, puti, kisha rangi. Mpango wangu ni kuvua milango, kukata vizingiti vyote viwili kwa pamoja, kisha nitie vipya. Je, niendelee au nimwachie fundi? Na mashine nimekosea?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kazi hii unaweza kujifunza, na gari hiyo inastahili kuokolewa. Lakini naomba uweke grenda chini kwanza. Mpango wa kuvua milango na kukata vizingiti vyote viwili kwa pamoja ndio utakaoiua gari, hata ukawa mchomeleaji hodari kuliko wote Pemba.

Sababu ni hii. Land Rover ya zamani ina chesi ya chuma chini na bodi imekaa juu yake, kwa hiyo ukikata bodi chesi inabaki imenyooka. Morris Minor haina chesi ya namna hiyo. Sakafu, vizingiti, boriti inayokatiza chini ya viti vya mbele na miguu miwili ya chuma inayobeba injini, vyote vimeunganishwa vikawa kitu kimoja, na hicho ndicho kinachobeba uzito. Kizingiti unachokiona ukifungua mlango si pambo. Ni mabati kadhaa yaliyokunjwa na kuunganishwa yakafanya sanduku refu lililo wazi ndani. Ukivikata vizingiti vyote viwili, gari inabaki kuning'inia kwenye paa na nguzo za milango, inalegea katikati kwa milimita chache ambazo jicho halizioni. Ukishachomelea vizingiti vipya katika hali hiyo umeifunga gari ikiwa imepinda. Utakuja kujua siku ya kurudisha mlango, haufungi, na hakuna bawaba ya kurekebisha kosa hilo.

Ushauri wa bati la juu na puti nao uache, ingawa aliyekupa huenda hakukusudia ubaya. Kutu ya visiwani ina chumvi ndani yake. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu hewani hata siku isiyo na mvua, na unyevu huo ukikaa kwenye vishimo vya kutu unaendelea kula chuma. Ukifunika kwa bati jipya unatengeneza mfuko. Maji yanaingia pembeni hayatoki, na sasa mabati mawili yanaoza badala ya moja. Puti haina nguvu ya kubeba chochote. Ni ya kulainisha sehemu iliyoinama milimita moja au mbili juu ya chuma kizima. Gari iliyopigwa bati la juu kwenye vizingiti hupendeza machoni, na hapo ndipo hatari ilipo, maana watu watapanda wakidhani ni nzima.

Sasa mashine yako. Mashine si mbovu. Itakufaa kwa geti, dirisha la nondo au kitanda cha chuma. Bodi ya gari hii ni ya bati la unene wa karibu milimita moja, na mahali palipoliwa na kutu pamebaki nusu ya hapo au chini zaidi. Bati la milimita moja linataka ampea 40 hivi. Fito ya milimita 2.5 inahitaji kati ya 60 na 90 ili iwake vizuri, kwa hiyo ukishusha ampea fito inanata, ukipandisha bati linayeyuka kabla hujasogeza mkono. Kosa halikuwa la mkono wako tu. Zipo fito nyembamba za milimita 1.6 zinazowaka kwa ampea 25 hadi 45, na mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuunga nazo bati la milimita 1.5. Kwa milimita moja, na kwa mwanafunzi, utapoteza siku nyingi ukiziba matundu uliyoyatoboa mwenyewe.

Kinachofaa hapa ni mashine ya waya, ile inayoitwa MIG, yenye waya wa milimita 0.6 na mtungi wa gesi. Waya unatoka wenyewe kwenye bunduki, gesi inalifunika tone lililoyeyuka lisiguswe na hewa, na unaweza kuchomelea kwa sekunde moja ukaacha. Huko kuacha ndiko kutakakoliokoa bati lako. Gesi nzuri ni mchanganyiko wa argoni na kabonidayoksaidi. Kabonidayoksaidi tupu nayo inafanya kazi na kwa kawaida ni ya bei nafuu zaidi, ila inarusha cheche nyingi na inachimba zaidi, kwa hiyo punguza nguvu kidogo. Fungua gesi lita 8 hadi 10 kwa dakika, na ncha ya waya itokeze milimita 6 hadi 10 nje ya bunduki.

Kabla hujanunua mashine, uliza kwanza mtungi utajazwa wapi na utasafirishwa vipi. Mashine bila gesi ni mzigo. Ukikosa gesi kabisa, upo waya wenye unga ndani usiohitaji mtungi. Nautaja kwa tahadhari. Unaunguza zaidi, unaacha ganda la kupasua, na kwa bati la milimita moja ni mgumu. Faida yake ni kwamba upepo hauusumbui sana. Ukiutumia, geuza nyaya ndani ya mashine: waya wenye unga hutaka bunduki iwe upande wa hasi, waya wa gesi hutaka bunduki iwe upande wa chanya. Wengi husahau hilo, kisha wanailaumu mashine.

Njia ya tatu ni gesi ya oksijeni na asetilini, ambayo mafundi bodi wengi wakongwe wamelelewa nayo. Inaunga bati jembamba vizuri na weldi yake ni laini kugongwa kwa nyundo. Lakini inasambaza joto eneo kubwa, bati linajikunja, na hatari ya moto ni kubwa zaidi. Si ya kujifunzia peke yako nyuma ya nyumba.

Umeme wa nyumbani usikutie hofu. Kuchomelea kwa ampea 40 hakuvuti mzigo mkubwa, soketi ya kawaida ya ampea 13 inatosha. Kinachowakwamisha watu ni waya mrefu mwembamba kutoka ndani hadi uwanjani. Ukivuta mita 30 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, volti zinashuka njiani na mashine inakatakata. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 au 4, uukunjue wote, usiuache umejiviringisha kwenye gurudumu lake maana utapata moto. Na wakati wa masika, uwanja ukiwa na maji, usichomelee umesimama kwenye tope. Ngoja pakauke, au simama juu ya ubao mkavu.

Kuhusu kujifunza hapo hapo kwenye gari: tafadhali usifanye. Nunua bati jipya jeusi la kawaida la milimita 1.0, lisilo na rangi wala zinki. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ina uzito wa kilo 23 hivi na itakutosha kwa mazoezi na sakafu yote, na vipande vya milimita 1.2 vitakufaa kwa sehemu za ndani za kizingiti. Usidanganyike ukatumia bati la kuezekea. Hilo ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi usiku wake.

Kata vipande vya sentimita 10 kwa 5. Visugue mpaka ving'ae mbele na nyuma, sentimita mbili kutoka ukingoni, kwa sababu kutu, rangi na mafuta yakichanganyika na tone huacha vitundu kama sponji. Panga vipande viwili ncha kwa ncha, uache mwanya wa nusu milimita mpaka milimita moja. Usivute mstari mrefu. Bonyeza kitufe kwa sekunde moja, achia, angalia tone likipoa kutoka nyekundu hadi nyeusi, ndipo uweke jingine. Jambo ambalo wanafunzi huliona geni ni sauti: waya ukiwa sawa na umeme unasikia mkaango ulio sawa, kama samaki kwenye mafuta moto. Ukisikia pa, pa, pa na waya unasukuma mkono, unatoka haraka kuliko umeme unavyouyeyusha, punguza kasi yake. Ukiona tone kubwa linaning'inia mwisho wa waya na ncha inaungana na bunduki, waya unakwenda polepole mno.

Kisha jaribu ulichofanya kwa kukivunja. Bana kipande kwenye vaisi kando ya mwungano, ukunje huku na huku kwa nyundo. Ukiachana katikati ya weldi, joto halikupenya. Ukiona upande wa nyuma umetokeza kijimstari chembamba, na bati lenyewe ndilo linalochanika pembeni ya weldi, umefika. Usiiguse gari mpaka vipande kumi mfululizo vipite jaribio hili.

Zoezi la pili ni la lazima kwa vizingiti. Kiwandani mabati haya yaliunganishwa kwa madoa ya umeme, na wewe utayaiga kwa kujaza matundu. Toboa bati la juu tundu la milimita 6, libane vizuri juu ya bati la chini pasibaki nafasi kati yake, elekeza waya katikati ya tundu kwenye bati la chini, anza hapo, kisha zungusha kujaza. Pandisha nguvu kidogo kuliko ulipounga ncha kwa ncha. Umbali kati ya matundu uwe sentimita 3 au 4. Jaribio lake: ingiza patasi kati ya mabati, yatenganishe. Doa zuri haliachii. Linang'oka na kipande cha bati la chini na kuacha tundu. Doa likibanduka kama kifungo, lilikaa juu tu, na kwenye gari lingeachia siku ya tuta la kwanza.

Ukihamia kwenye gari, utaona kuchomelea ni sehemu ndogo ya kazi. Nyingi ni kukata, kusafisha na kuoanisha. Anza kwa kuondoa hatari. Tangi la petroli liko chini ya sakafu ya buti, livue na ulipeleke mbali, pamoja na bomba la mafuta linalopita chini ya gari. Usichomelee tangi kamwe, hata likiwa tupu miaka. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Vua betri. Silinda kuu ya breki kwenye gari hii imefichwa chini ya sakafu ya dereva, ndani ya mguu wa chuma, na mafuta ya breki yanawaka moto, kwa hiyo ivue pamoja na mabomba yake kabla ya kugusa sakafu ya upande huo. Ondoa viti, zulia, na ile lami ya kuzuia kelele. Usisafishe chuma kwa vipulizo vya kusafishia breki vyenye klorini: mwanga wa weldi huvigeuza kuwa gesi yenye sumu kali. Tumia asetoni, iache ikauke kabisa, na chupa yake ikae mbali.

Milango usiivue. Mwanya kati ya mlango na nguzo ndio kipimo chako bora. Iegemeze gari kwenye stendi imara mahali inapobebwa na springi na mikono ya mbele, isawazishe, upime mshazari wa tundu la mlango pande zote mbili na uandike namba hizo ukutani. Chukua paipu za mraba za milimita 25, ufunge kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma kwa ndani, moja juu na moja chini, mlango ukiweza bado kufunguka na kufungwa. Sasa fanya upande mmoja, sehemu moja baada ya nyingine, na upande wa pili usiguswe mpaka wa kwanza umekamilika. Kila ukimaliza hatua, funga mlango uangalie mwanya. Ukibadilika, simama hapo hapo urekebishe ukiwa bado umeshikiza tu kwa matone machache.

Anza na sakafu, ambapo kosa dogo linavumilika. Gonga kwa ncha ya bisibisi ukitoka kwenye tundu kwenda nje mpaka ufike chuma kinacholia kizima, kisha kata sentimita 2 au 3 zaidi ya hapo. Kata kona za mviringo, kwa sababu kona kali hukusanya mkazo na ndipo nyufa huanzia. Tengeneza kwanza kiolezo cha boksi, ndipo ukate bati. Mwanya ukiwa wa milimita tatu, rudia kukata kipande. Hakuna weldi nzuri inayojaza uvivu wa kupima.

Bati likipata joto hutanuka, likipoa husinyaa, na hurudi dogo kuliko lilivyokuwa kando ya weldi. Huko kusinyaa ndiko kunakolivuta na kulikunja. Kwa hiyo shikiza tone moja kila sentimita 3, ukirukaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha rudi ukaweke katikati ya kila nafasi, na uendelee hivyo mpaka matone yaungane. Kipimo ni kiganja: usirudi mahali ambapo huwezi kuweka mkono juu yake. Kupoza kwa kitambaa chenye maji watu hufanya, lakini sikushauri. Kunasinyaza bati haraka na kunaleta kutu. Palipo na tundu au chuma chembamba, bana kwa nyuma kipande cha bomba la shaba lililopondwa likawa bapa. Weldi haishiki shaba, na shaba inanyonya joto.

Macho yako yale yaliunguzwa na miale ya urujuanimno. Maumivu huja saa kadhaa baadaye na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Usitie viazi, asali wala maziwa, na usiyasugue. Miwani ya jua haizuii. Nunua ngao yenye kioo cha giza namba 9 au 10 kwa nguvu hizi, na miwani ya plastiki ndani yake wakati wa kusaga. Maumivu yakizidi siku mbili, ukiona ukungu, au ukihisi kipande cha chuma kimeingia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chembe ya chuma huota kutu ndani ya jicho. Watoto wanaotazama kwa mbali nao huungua, basi weka kizuizi cha mabati. Kitazuia pia upepo wa kusi au kaskazi usiipeperushe gesi yako. Vaa viatu vya kufunika mguu na nguo nene za pamba. Kandambili na nailoni havifai kabisa.

Na moto. Usichomelee chini ya banda la makuti, wala karibu na majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Cheche ya grenda inaruka mita kadhaa na inaweza kufuka polepole kabla haijawaka. Uwe na ndoo mbili za maji, mchanga, kizimamoto cha unga na mtu wa pili anayeangalia upande usiouona. Ukimaliza, kaa hapo saa nzima kabla ya kuondoka. Ndiyo maana kazi ya mwisho wa siku isiwe ya kuchomelea.

Chuma kitupu huku kwetu huota kutu usiku mmoja. Kabla ya kupaka, osha sehemu ya zamani mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kisima kilicho karibu na pwani kinaweza kuwa cha chumvi, basi tumia ya mvua. Kausha, sugua, paka praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Mabati yanayolaliana yapakwe praima ya zinki kati yake kabla ya kuungwa, ila pale penye tundu la weldi pafutwe. Ziba maungio kwa gundi yake ya bodi, na ndani ya vizingiti nyunyizia nta ya kuzuia kutu kazi yote ya moto ikishakwisha, kwani nta inawaka. Matundu ya kutolea maji chini ya kizingiti yaache wazi. Kuyaziba ndiko huozesha vizingiti.

Wapi usimame? Sakafu fanya mwenyewe. Vizingiti kata, oanisha na shikiza mwenyewe, kisha mlete fundi anayejua mashine ya waya akague kabla hujafunga, au achomelee yeye. Vipande vya vizingiti vya gari hii bado vinatengenezwa Uingereza, na ukimudu usafiri vitakuokoa kazi kubwa ya kukunja. Lakini boriti ya chini ya viti, miguu ya injini, vishikio vya springi za nyuma na sehemu za kufungia mikanda mwachie mtu mzoefu. Ile boriti imeshika ncha za fito za chuma zilizosokotwa ambazo ndizo springi za mbele. Zina nguvu iliyobanwa, na atakayekata hapo bila kuzilegeza kwanza anaweza kuvunjika mkono. Kuhusu mafunzo, huna haja ya kuvuka bahari: kiulize kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kama wana kozi fupi ya kuchomelea, na ukienda chukua vipande vyako vilivyovunjwa, mwalimu atasoma kosa lako humo haraka kuliko utakavyomweleza. Huyo fundi atakayekagua vizingiti, mwombe apite na patasi kwenye madoa yote kabla hujapaka praima, na lile litakaloachia lirudie hapo hapo akiwa bado yupo.